Stesheni ya Mji Uliomo Kisiwani: Hotuba kwa Watu wa Kipevu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wenyeji wa Kipevu na Changamwe.)



Mtu asimamaye juu ya mwinuko wa Kipevu na kutazama upande wa mashariki huona maji ya Kilindini, na ng'ambo ya maji hayo huona kisiwa cha Mombasa pamoja na winchi za bandari, paa za maghala na minara ya misikiti. Kisiwa chenyewe si kikubwa. Mwenye miguu mizuri hukikata kutoka upande mmoja mpaka wa pili kwa mwendo wa saa moja na kitu. Hata hivyo ni kwa ajili ya kisiwa hicho kidogo reli ilijengwa, na stesheni mbili zimeitwa kwa jina lake: ya kale iliyo mjini, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, na mpya iliyo Miritini, upande wa bara.

Habari ya stesheni hizo mbili ndiyo itakayosimuliwa hapa, na ndani yake limo swali moja: stesheni ya mji uliomo kisiwani yafaa ikae wapi, kisiwani au bara? Swali hilo si la mainjinia peke yao. Ni la kila mtu ashukaye garini usiku, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, akasimama nje ya lango na kuanza kuuliza nauli ya kufika kwake. Ni la watu wa Kipevu pia, maana kwa muda wa miaka mia moja na zaidi gari liliwapita karibu na milango yao likielekea kisiwani, na sasa mambo yamegeuka.

Kabla ya kuingia katika habari za Mombasa, yafaa kutazama mji mmoja wa mbali uliopatwa na jambo hili hili mapema zaidi. Mji huo ni Venezia, katika nchi ya Italia, ambao Waingereza huuita Venice. Venezia imejengwa juu ya visiwa vidogo vingi katikati ya maji ya chumvi yasiyo na kina kirefu. Njia zake nyingi ni mifereji, na watu wake huenda kwa mashua kama watu wa Lamu. Kwa muda wa karne nyingi ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa baharini, wenye nguvu kubwa, na maji yale ndiyo yaliyokuwa boma lake. Adui hakuweza kuufikia kwa miguu.

Reli ilipoanza kuenea Ulaya, Venezia ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Mwaka 1842 reli itokayo Padova ilifika ukingoni mwa bara, karibu na mji wa Mestre, ikasimama hapo. Msafiri alishuka, akashusha mizigo yake, akatafuta mashua ya kumvusha, akalipa tena. Miaka mitatu na kitu ilipita hivyo. Ndipo mwezi wa Januari 1846 likafunguliwa daraja la matofali na mawe lenye matao 222, urefu wake kilomita 3 na nusu na zaidi kidogo, na gari la moshi likaingia Venezia yenyewe. Kwa kazi hiyo mji ulitoa sadaka kubwa. Mwaka 1861 kanisa la Mtakatifu Lusia lilibomolewa ili kupata nafasi ya stesheni, na mabaki ya mtakatifu huyo yakahamishiwa kanisa jingine lililo karibu. Kanisa halipo tena, lakini jina lilibaki. Stesheni ya Venezia huitwa Santa Lucia mpaka leo, ingawa jumba lililopo sasa lilimalizika mwaka 1952.

Wako watu wa Venezia waliosikitika wakati ule, wakisema kwamba mji uliofungwa kamba na bara si kisiwa tena. Hofu yao haikuwa ya upuuzi. Mwaka 1849, walipoasi na kuzingirwa na majeshi ya Austria, walilazimika kuyavunja baadhi ya matao ya daraja lile jipya ili adui asipite juu yake. Lakini vita vilipokwisha daraja likatengenezwa, na hapana aliyetaka kurudi kwenye mambo ya mashua na nauli mbili.

Basi, tuirudie Mombasa. Wengi hudhani kwamba reli ya kwanza ya nchi hii ni ile iliyokwenda Kisumu. Sivyo hasa. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuendesha mambo ya pwani na bara, ile Imperial British East Africa Company, ilianza kutandika reli nyembamba yenye upana wa futi 2 tu. Ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Jina lilikuwa refu kuliko njia, maana haikupita maili 7. Fedha za Kampuni zilikwisha, na reli ile haikumfikisha mtu popote pa maana.

Hata hivyo vyuma vyake havikutupwa. Vilichukuliwa vikatandikwa katika njia za mji wa Mombasa, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vya kusukumwa kwa mikono. Kigari kilikuwa na kiti, na juu yake turubai la kuzuia jua. Wakubwa wa Serikali na matajiri walikalia kiti, na watu wawili wakasukuma kwa nyuma, wakikimbia peku juu ya mataruma. Njia ilipanda na kushuka kutoka mjini karibu na Ngome mpaka Kilindini, na palipo na mteremko wasukumaji walirukia nyuma ya kigari wakapumzika kidogo. Hivyo ndivyo Mombasa ilivyosafiri kwa muda wa miaka thelathini hivi, hata motokaa zilipozidi katika miaka ya 1920 na vigari vikaondolewa. Ni jambo la kukumbukwa kwamba abiria wa kwanza wa reli mjini Mombasa alikuwa akivutwa kwa jasho la mtu, si kwa moshi.

Reli kubwa ilikuja baadaye. Serikali ya Uingereza iliitwaa kazi kutoka kwa Kampuni mwaka 1895. Mwezi wa Desemba mwaka huo akateremka Mombasa Bwana George Whitehouse, Injinia Mkuu. Alikuta pwani imo katika vita vya Mbaruk bin Rashid, vilivyokwisha mwaka uliofuata. Alikuta pia tatizo moja kubwa kabla hajafika hata maili ya tano: maji ya Makupa. Kila chuma, kila taruma, kila pipa la saruji lilishushwa melini upande wa kisiwa, na nchi yote iliyokuwa ikingojewa ilikuwa ng'ambo.

Whitehouse angeweza kufanya kama walivyofanya kwanza watu wa Italia, yaani kuanza reli bara na kuvusha watu kwa mashua. Hakufanya hivyo. Chuma cha kwanza kilitandikwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896, na papo hapo likajengwa daraja la miti la muda ili kazi isingoje. Baadaye likasimamishwa daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,700 na zaidi, likaitwa Daraja la Salisbury kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Hapo ndipo kisiwa cha Mombasa kilipoungwa na bara kwa mara ya kwanza kwa njia ya gari. Kabla ya hapo mtu alivuka kwa mtumbwi, au alingoja maji yajae kupwa akapita kivukoni Makupa huku amepandisha nguo.

Stesheni ya kwanza ya bara baada ya daraja ilikuwa Changamwe. Watu wa hapa waliona mambo mengi mwaka ule. Waliona mahema ya Wahindi waliotolewa Punjab na Gujarati kwa mkataba, wakifa kwa homa na vidonda mvua ilipoanza. Waliona punda, ngamia na ng'ombe wa mizigo wakianguka njiani. Mwisho wa mwaka 1896 reli ilikuwa imekwenda maili ishirini na kitu tu, na magazeti ya London yakaanza kuicheka. Hesabu ya Wahindi walioletwa mpaka kazi kwisha ilikuwa 32,000 hivi. Waliokufa ni karibu 2,500, na waliobaki nchini kwa hiari yao ni 6,700 hivi. Waafrika waliochimba, waliokata miti na kubeba maji walikuwa wengi pia, lakini wao hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo, wala vifo vyao.

Habari ya simba wa Tsavo waliokula watu mwaka 1898 inajulikana na kila mtoto wa shule, nayo haina haja ya kurudiwa. Yatosha kusema kwamba reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Kisumu, iliyoitwa wakati ule Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Gharama ilizidi paundi milioni 5, nazo zilikuwa fedha nyingi mno kwa siku zile.

Ila liko jambo moja la njiani linalostahili kutajwa, kwa kuwa wasafiri wa Mombasa hawakulisahau. Pale Mackinnon Road, katika nyika kavu, upo msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, Mhindi aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wa reli. Watu husimulia kwamba karai la udongo alilobeba halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu. Msikiti uko karibu na reli kiasi cha kurusha sarafu, nao wasafiri wengi walizoea kufanya hivyo walipopita, Waislamu na wasio Waislamu.

Kutoka siku ile Mombasa ilibadilika, na iliyobadilika kwanza ni bandari. Majahazi ya Bandari ya Kale yalikuwa yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi kila kaskazi, na misafara ya watu wa miguu ilikuwa ikiondoka na vitambaa na shanga kwenda bara. Reli iliiua misafara hiyo kwa miaka michache tu. Kisha ikaivuta biashara kutoka upande wa Ngome kuipeleka Kilindini, ambako maji ni marefu na injini iliweza kufika. Mwanzoni meli zilitia nanga katikati na mizigo ikashushwa kwa matishari. Mwaka 1926 magati ya kina kirefu yalianza kutumika, na meli zikafunga ubavuni pa nchi kavu, na behewa likasogezwa mpaka chini ya winchi.

Mwaka 1929 Daraja la Salisbury nalo lilistaafishwa. Mahali pake palitiwa mawe na mchanga, pakawa tuta la nchi kavu lenye barabara na reli. Tuta la Makupa lilikuwa kazi ya rahisi na yenye nguvu, na motokaa zilipita bila hofu. Lakini maji ya Tudor na maji ya Kilindini, yaliyokuwa yakikutana hapo tangu zamani, yalitenganishwa, na kosa hilo lilikaa miaka 93 kabla ya kutengenezwa. Wavuvi walilijua mapema kuliko mainjinia.

Stesheni ya mjini ikawa sehemu ya maisha ya watu. Gari la Nairobi liliondoka jioni na kufika asubuhi. Abiria wa daraja la kwanza alitandikiwa kitanda na kuitwa kula katika behewa la chakula kwa kengele. Daraja hilo kwa desturi lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu, lenye viti vya mbao, la Waafrika. Desturi hiyo haikuondoka hata nchi ilipokaribia uhuru. Hapana haja ya kuipamba. Wazee wengi wanaoukumbuka ule moshi kwa furaha waliunusa wakiwa wamebanwa kumi mahali pa watu sita.

Lakini hata daraja la tatu lilikuwa na raha zake. Mazeras kulikuwa na machungwa na madafu dirishani, Voi kulikuwa na mayai ya kuchemsha na chai, na mtu aliyepanda peke yake Mombasa alishuka Nairobi anajua habari za ukoo wa jirani yake. Stesheni ilipokea watu wa kila namna: Wakamba na Wataita waliokuja kutafuta kazi ya bandari, Wajaluo waliopewa nyumba za reli Changamwe, wanafunzi wa shule za misheni wenye masanduku ya bati, mahujaji waendao kupanda meli, na askari waliokuwa wakienda vitani au kurudi. Alfajiri mahamali walijipanga mbele ya stesheni na mikokoteni yao. Msafiri aliyeteremka alikuwa amekwisha fika. Soko, posta, msikiti, kanisa na nyumba ya shangazi yake vilikuwa karibu, na aliweza kwenda kwa miguu ikiwa hana senti.

Wafanyakazi wa reli na wa bandari ndio waliolijua vizuri zaidi lile gari lilivyoubeba mji. Mwezi wa Januari 1947 walipoacha kazi pamoja na wengine wengi mjini kwa sababu ya mishahara midogo na ughali wa maisha, Mombasa ilisimama kimya kwa muda wa siku kumi na zaidi. Kisiwa kikakumbuka kwamba chakula chake, barua zake na maofisa wake vyote hupita Makupa.

Reli ilibadili wenyewe mara nyingi. Mwaka 1948 iliunganishwa na ya Tanganyika ikawa Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua sehemu yake, na Kenya ikaanzisha Shirika lake la Reli. Miaka ya umaskini ikafuata. Injini zilichoka, mabehewa yakavuja, na barabara ya lami ikawanyang'anya gari abiria na mizigo. Tarehe 30 Januari 1993 daraja la mto Ngai Ndethya lilichukuliwa na mafuriko usiku, na gari la abiria likatumbukia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 2006 kazi ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, nayo haikuleta afya iliyotarajiwa. Gari lililoandikwa kufika asubuhi likawa lafika mchana, na pengine jioni. Mwisho wa mwezi wa Aprili 2017 gari la abiria la kale liliondoka stesheni ya mjini kwa Nairobi kwa mara ya mwisho.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Mei 2017, Rais Uhuru Kenyatta alifungua reli mpya. Njia hii, urefu wake kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikopwa kwa Benki ya Exim ya China. Upana wake ni milimita 1,435, na ule wa reli ya kale ni milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la njia moja haliwezi kuingia katika njia nyingine, na hapo ndipo mambo yote ya stesheni yanapoanzia. Reli mpya haikuweza kuyatumia mapito ya kale ya Makupa wala uwanja wa kale wa mjini. Ilihitaji nchi pana, na nchi pana kisiwani hakuna. Ikasimama Miritini.

Stesheni ya Miritini ni jumba kubwa na zuri, wala si haki kulidharau. Limejengwa kwa mfano wa mawimbi ya maji yanayozunguka mnara wa katikati, na humo ndani mtu huona vioo, ngazi za kujiendesha na vyoo safi. Gari huitwa Madaraka Express. Hufika Nairobi kwa muda wa saa 5 hivi, na mwanzoni nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Mama wa Changamwe aliyekuwa hajapanda gari kwa miaka 20 aliweza kwenda kumwona mwanawe Nairobi na kurudi kesho yake bila kuvimba miguu. Hilo ni jambo kubwa, na watu walilipokea kwa shangwe. Nauli ilipanda baadaye, ikawa shilingi 1,000, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikawa shilingi 1,500, lakini mabehewa hujaa hata hivyo, hasa siku za sikukuu.

Ila mtu wa kisiwani alirudi mahali alipokuwa mtu wa Venezia mwaka 1842. Gari lilisimama bara, naye alikuwa akienda kisiwani. Gari la usiku linapofika, nje ya lango hungoja matatu, teksi na tuktuk, na miaka ya kwanza kila dereva alijua kwamba abiria hakuwa na njia nyingine. Njia ya kwenda mjini hupita Changamwe katikati ya malori, na mara nyingine msafiri aliyetoka Nairobi kwa saa 5 hutumia saa nzima au zaidi kumaliza zile kilomita 10 hivi zilizobaki. Akiwa ni mtu wa Likoni, pengine hungoja tena feri. Ni kweli kwamba gari limekuwa la kasi, lakini kasi yake huishia Miritini.

Upo upande mwingine, nao ni upande wa wasikilizaji wa leo. Mombasa ya sasa si kisiwa peke yake. Changamwe, Mikindani, Jomvu, Kisauni na Likoni zimejaa watu, na wengi wanaofanya kazi kisiwani hawalali huko. Hata bandari imevuka maji. Magati yaliongezwa upande wa Kipevu, na mwaka 2016 ilimalizika sehemu ya kwanza ya kituo kipya cha makontena kilichojengwa kwa mkopo wa Japani. Mwaka 2018 ikafunguliwa barabara mpya kutoka Miritini mpaka Kipevu. Hivyo mtu wa Kipevu, ambaye babu yake alikuwa akivuka Makupa kwenda kupanda gari lililokuja kumpita tena hapa hapa Changamwe, sasa ndiye aliye karibu na stesheni. Jambo hili halikupangwa kwa ajili yake, lakini limemfaa.

Venezia nayo ilifika huko. Leo wakazi wengi wa manispaa ya Venezia hawakai visiwani. Wanakaa Mestre na vijiji vya bara. Watu wa huko hawakuchagua stesheni moja wakaifunga nyingine. Mestre ni stesheni kubwa ya makutano, Santa Lucia ni stesheni ya mji wa kale, na magari hupita kati yake mchana kutwa kwa mwendo wa dakika 10 au 12. Anayeshuka Mestre halazimiki kutafuta dereva gizani.

Yafaa kusemwa wazi kwamba reli mpya haikuwapa watu wa hapa faida tupu. Wako waliopoteza mashamba na minazi ilipopitishwa, na baadhi yao walingoja fidia kwa muda mrefu. Tena ilikuja habari ya mizigo. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yaendayo bara yachukuliwe kwa reli mpya mpaka Nairobi na Naivasha, na ushuru ukalipwe huko. Changamwe iliumia mara moja. Madereva na matandiboi walikaa bila safari, yadi za makontena zikawa tupu, mafundi wa magurudumu na mama wauzao chakula kando ya barabara wakafunga, na wenye kazi za forodha wakahamia bara au wakaacha. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya, William Ruto, aliamuru kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Biashara ikaanza kurudi, ingawa si wote waliofunga walioweza kufungua tena.

Hiyo ndiyo sababu stesheni ni jambo zito kuliko inavyoonekana. Mahali gari linaposimama ndipo hoteli hujengwa, ndipo hamali hupata kazi, ndipo mwenye duka huweka taa. Stesheni ya mjini ilipofunga abiria wa Nairobi, maduka ya karibu yalilijua kabla ya gazeti lolote kuandika. Majukwaa marefu yalibaki, pamoja na nguzo za chuma na mabehewa yaliyoshika kutu kwenye njia za kando. Uwanja wake ni mpana, katika kisiwa ambacho kila futi ya ardhi ina bei, na nchi ya namna hiyo haikosi wenye kuitamani. Likipotea jumba hilo hapatapatikana jingine, na pamoja nalo itapotea nafasi ya pekee ya kuingiza gari la abiria katikati ya mji.

Shirika la Reli la Kenya limeliona jambo hilo. Katika miaka hii ya 2020 lilianza kazi ya kuitengeneza njia ya kale kati ya Miritini na stesheni ya mjini, ili abiria ashukaye katika Madaraka Express avuke jukwaa tu na kuendelea mpaka kisiwani kwa gari jingine dogo, na ili mfanyakazi akaaye Miritini au Changamwe aweze kwenda mjini asubuhi bila kukaa katika msongamano wa malori. Jengo jipya halikuhitajika kila mahali, maana njia ilikuwapo tangu wakati wa Whitehouse. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuvukia.

Maana lile tuta la Makupa la mwaka 1929 limeondolewa. Mwaka 2022 yalifunguliwa madaraja ya barabara juu ya nguzo, na tuta likachimbwa ili maji ya Tudor na ya Kilindini yakutane tena kama zamani. Wavuvi wa pande zote mbili walikuwa wakilingojea hilo tangu siku za baba zao. Kwa ajili ya reli nalo likahitajika daraja lake, na nguzo zikasimamishwa ndani ya maji, karibu na pale mafundi wa mwaka 1896 walipopigilia miti ya daraja lao la muda ili injini ya kwanza ivuke kutoka kisiwani kuja Changamwe.